Kicheko cha Kuazima

Hadi sasa masikio yananiwaka. Mazoezi ya kwaya yalikuwa hayajaanza, simu ikawa inapita mkono kwa mkono na katuni ya Charles Schulz ya mwaka 1953: Schroeder, mtoto mpiga kinanda, anapiga pushapu, anaruka kamba, ananyanyua vyuma, anakimbia, anakula, kisha anakivamia kinanda jasho likimtoka. Mpiga kinanda wetu akaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa besi. Akanigeukia: "Kaka, kilichokuchekesha ni kipi hasa?"

Nikasema jasho. Safu nzima ya soprano ikainamisha vichwa.

Kumbe utamu uko juu ya kichwa cha mtoto, kwenye nota. Schulz hakuchora madoa ya pambo. Alinakili nota za kweli, na hizi ni za mwanzo wa sonata ya Beethoven iitwayo Hammerklavier, opus 106, iliyochapishwa 1819. Ni dude la dakika 40 na ushei, na linaanza kwa shari: mkono wa kushoto unagonga B fleti kule chini, papo hapo unatakiwa uruke juu mbali ukaangukie rundo la nota bila kukosea. Wapo wapigaji wanaoiba, wanasaidia kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana ya zile pushapu! Asiyesoma nota anaona mtoto mwenye bidii. Anayesoma anaona bondia anayekwenda kukutana na bingwa.

Na lipo jingine, nililing'amua mwenyewe usiku nimenuna. B fleti ni kibonye cheusi. Kinanda cha Schroeder ni cha kuchezea, vibonye vyeusi vimepakwa rangi tu. Yaani nota ya kwanza kabisa haipigiki! Nikamtumia mpiga kinanda ugunduzi huo. Akanijibu kwa kidole gumba.

Hapo ndipo panaponiuma. Sisi wanakwaya tunaimbishwa kwa herufi tu: d, r, m. Nota za mistari mitano zinalala kwenye begi lake. Nikimwomba anifundishe, "Wewe imba tu, sauti unayo." Halafu mtihani ananipa hadharani.

Hata fulana yangu ya mtumba yenye nota, aliiimba toka begani hadi tumboni, akasema haina mwisho.

Keki ya harusi ya dada mmoja wa alto, iliyopambwa kwa nota, nayo aliikagua: mapigo yamezidi. Tukamkatia kipande chenye pigo la ziada.