Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu Kuhusu Noti ya F

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mwandishi wa barua hii ni mzazi wa mtoto wa Gredi ya 4, na anaanza kwa shukrani. Tangu muhula ufunguliwe, nyumba yake imejaa muziki. Kila jioni, vyombo vya ugali vikishaondolewa mezani, binti yake hutoa mfukoni filimbi ya plastiki ambayo shule huiita rekoda, akapuliza noti tatu alizofundishwa: B, A na G. Kidole gumba cha kushoto nyuma na cha shahada mbele, hiyo ni B. Ongeza cha kati, imekuwa A. Ongeza cha pete, ni G. Mkono wa kulia bado hauna kazi, umeishikilia tu filimbi isianguke. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye naye ana mtoto katika darasa hilo hilo, huitikia kwa kugonga sakafu. Kwa hesabu ya mwandishi, hiyo tayari ni bendi.

Taabu ilianza walipofika kwenye F.

Mheshimiwa ana mambo mengi na hatarajiwi kujua kwamba rekoda ziko za namna mbili. Madukani zinafanana kama mapacha: rangi ya maziwa, mfuko wenye kifungo, bei karibu sawa. Moja hupigwa kwa vidole vya mtindo wa Kijerumani, nyingine kwa mtindo wa Kibaroki. Kwenye ile ya Kijerumani, anayetoka G kwenda F huongeza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, basi. Kwenye ya Kibaroki huongeza hicho hicho, akaruka cha kati, kisha akafunika kwa cha pete na kidole kidogo. Anayetumia vidole vya hii kwenye ile hupata sauti iliyopinda, karibu na F lakini siyo F, kama mtu anayeitwa Juma akiitikia kwa jina la ndugu yake.

Orodha ya mahitaji aliyopewa mzazi ilisema hivi: "rekoda, moja." Darasa la watoto sitini likanunua kadiri maduka yalivyojaliwa. Siku ya F, nusu ya darasa ikawa hapa na nusu ikawa kule. Mwalimu, mtu mwema aliyesomea Sayansi na Kiswahili na kukabidhiwa kipindi hiki kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi, alidhani watoto hawajafanya mazoezi. Akawaagiza wakafanye. Wamefanya, Mheshimiwa. Mtaa mzima ni shahidi.

Haitakuwa haki kudai kwamba serikali haijawahi kuufikiria muziki shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwemo kwenye masomo ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtihani wa darasa la nane, KCPE, ukapunguzwa hadi karatasi tano na muziki haukuwa mojawapo. Haukufutwa kwenye ratiba, la hasha. Waliosoma miaka hiyo wanakumbuka: ukutani ratiba inasema Muziki, mlangoni anaingia mwalimu wa Hisabati na chaki yake. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, CBC, na vipaji vikaahidiwa njia yake. Mwaka 2023, jopo la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu likapendekeza masomo yapunguzwe, hadi 9 katika shule ya junia, na muziki ukawekwa chumba kimoja na uchoraji na michezo. Mwalimu mmoja sasa hutarajiwa kujua kuchanganya rangi, kurusha voliboli na kutofautisha F mbili.

Kwa kuwa utaratibu huu umeufaa muziki kiasi hiki, mwandishi anaomba kwa unyenyekevu uhamishiwe kwenye Hisabati.

Hisabati iunganishwe na riadha na ushonaji, liwe somo moja liitwalo Hesabu, Mbio na Sindano. Hakuna haja ya kuajiri mwalimu wake. Yeyote asiye na kipindi saa hiyo anatosha. Kila mzazi anunue rula, na urefu wa sentimita uwe hiari ya mwenye duka. Watoto wasisumbuliwe na hesabu mwaka mzima. Ila ikifika Mei, mwalimu mkuu apite madarasani akichagua thelathini wenye sura ya kugawanya. Akodishwe mkufunzi kutoka mjini awakaririshe jedwali la saba, hilo moja tu, alfajiri kabla ya gwaride na jioni baada ya masomo, hadi walitoe hata wakiamshwa usiku. Wanafunzi wengine mia nane wapige makofi. Hao thelathini wafungwe njuga miguuni, wapakiwe basi, waende kaunti, kanda, hatimaye taifa. Wakirudi na kombe, liwekwe kwenye kabati la ofisi na shule itangazwe kuwa na kiwango cha juu cha hisabati. Mwaka ujao, jedwali la nane. Uchumi wa nchi ungehimili mpango huo kwa miaka mingapi, Hazina yenyewe itakadiria, maadamu imebaki na mtu aliyefika jedwali la nane.

Hapo mwandishi asieleweke vibaya. Tamasha la Muziki la Kenya, ambako shule hupeleka vikundi vya namna hiyo kila mwaka, analipenda. Lilianza mwaka 1927, na si mengi nchini yaliyodumu hivyo. Anayekaa ukumbini mwezi wa Agosti huona kitu kisichoonekana darasani: watoto wa miaka kumi wamesimama nusu duara, macho yote kwenye vidole vya mwalimu, kimya cha sekunde mbili kabla ya noti ya kwanza, na mzazi aliyekuja na khanga begani anayesahau kwamba alikuja kwa shughuli nyingine mjini. Watoto hao wanaweza. Kinachoshangaza ni kwamba uwezo wenyewe huonekana wakati wa mashindano, kisha hukunjwa pamoja na sare na kuwekwa sandukuni. Mwaka 2014, UNESCO iliingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hiyo hiyo hushangiliwa tamashani. Inawezekana, kumbe, kitu kikapigiwa makofi na huku kinazama.

Na Mheshimiwa mwenyewe ni mdau, kuliko anavyojua. Kila wimbo wa taifa unapopigwa husimama wima, mikono mbavuni, kwa heshima ya wimbo wa kumbembeleza mtoto alale. Lahani yake ni ya Wapokomo wa Mto Tana. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliichukua ikaipa maneno na ukubwa wa dola. Dola ilipohitaji sauti yake, ilikwenda kuiazima kitandani kwa mtoto. Omondi huyo huyo baadaye aliongoza tume iliyotoa ripoti mwaka 1984 kuhusu muziki wa nchi hii, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais. Kwa hiyo Rais ana tume. Gredi ya 4 ina mzazi mwenye shilingi mfukoni na orodha iliyoandikwa "rekoda, moja."

Huenda washauri wa Jogoo House wakasema kwamba muziki wa ala ni jambo la shule zenye mabwawa ya kuogelea. Wapelekwe Korogocho. Huko, jirani na jaa la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka 2008 akiwa na kikundi kidogo cha watoto. Tangu hapo vinanda, klarineti na tarumbeta vimesikika mahali ambapo hewa yenyewe haipuliziki vizuri, na mapato ya tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza mwaka 2014, yamekuwa yakiusaidia mradi huo. Ukiuchunguza hukuti siri: pana ala, pana mwalimu anayeijua ala hiyo, na pana siku inayorudi kila wiki hata kama hakuna mashindano.

Tena pwani hawakungoja hata mradi. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa walizisikia bendi za Wazungu, wakatwaa matarumbeta na ngoma kubwa, neno lenyewe wakaligeuza likawa beni. Mombasa wakagawanyika Kingi na Skochi, wakashindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa kejeli. Wangeulizwa waraka wa wizara wangesema utakuja baada ya harusi.

Ombi la mwandishi ni dogo mno hata anaona haya kulipeleka ofisi kubwa. Wizara iandike neno moja zaidi kwenye orodha: Kijerumani au Kibaroki. Lolote kati ya hayo mawili. Na siku fedha zikipatikana, apatikane mwalimu mmoja aliyesomea muziki, hata akigawanywa kati ya shule tano, apite Jumatatu hapa na Jumanne pale. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki. Wahitimu wake wengine hufundisha watoto wa wenye nacho sebuleni mwao, kwa saa. Na mwalimu huyo akija na chivoti ya Wamijikenda au orutu ya Wajaluo kwenye mkoba wake, watoto hawatamfukuza. Ni ala ambazo mwenye duka la vitabu hajui bei yake, ila babu wa mtoto huenda anajua kuzichonga.

Pamoja na barua hii zimeambatanishwa rekoda mbili. Mheshimiwa apulize moja na Katibu wa Wizara apulize nyingine, wote wawili kwa vidole vile vile, mlango ukiwa umefungwa. Waanze B, wateremke A, G, kisha F, waishikilie hiyo F kwa pumzi moja. Ya Kijerumani ndiyo yenye alama za meno; ni ya binti wa mwandishi, naye anaomba irudishwe kabla ya Ijumaa kwa kuwa kuna tathmini. Ya pili imetolewa kwa moyo mkunjufu na jirani wa ghorofa ya juu, ambaye anasema Wizara inaweza kukaa nayo.

Wako mtiifu,
Mzazi, Gredi ya 4