Mashine Haina Shangazi

Hamburg, Januari

Shangazi, shikamoo. Na nyinyi wengine mliomzunguka mkisubiri asomewe, salamu zenu.

Jana nimeandikiwa barua ya kujieleza. Tulizeni roho, sikuiba. Nimeshtakiwa kwa kufanya kazi. Sheria ya Ujerumani ya saa za kazi, ya mwaka 1994, inataka mtu asivuke saa 10 kwa siku, na mashine ya mahudhurio imenikuta na saa 10 na dakika 4. Dakika zenyewe hizo nne niliziacha kwenye foleni ya mashine hiyo hiyo, kadi mkononi, nikimsubiri mama mmoja aliyekuwa akigombana nayo.

Ni kisanduku cha kijivu kilichopigiliwa ukutani karibu na lifti. Ukikigusisha kadi asubuhi kinalia "ti!", basi umefika. Kisipolia hujafika, hata kama bosi umemsalimia naye akakuitikia. Ukipitisha saa 6 za kazi kinakukata dakika 30 za mapumziko. Ukipitisha saa 9 kinakata 45, uwe umekula au umeshinda na njaa. Juzi nilitafuna mkate mezani huku nikijibu simu. Kwa mashine nilikuwa mapumzikoni, kwa mteja nilikuwa kazini, kwa tumbo sikuwa popote. Eti Hamburg na Dar es Salaam ni miji ndugu tangu 2010! Ndugu gani huyu asiyeijua chai ya saa nne?

Mnalikumbuka daftari letu la mahudhurio, na kalamu yake iliyofungwa kwa uzi isiibwe? Saa mbili kamili mkuu anapiga mstari mwekundu. Lakini mstari ule ulikuwa na mwenyewe. Unamwendea mzee wa watu, shikamoo, daladala ya Mbagala imeharibika, mtoto kaamka na homa. Anaguna, anakusogezea daftari: "Haya, jibanze hapo juu ya mstari." Mimi niliyekuwa nikijibanza kila Jumatatu, tena kwa homa ya mtoto nisiye naye, leo nakimbia kwenye theluji kwa kuogopa kisanduku. Hakipandi daladala, hakiuguliwi, hakina shangazi wa kwenda kuniombea.

Barua ya kujieleza nayo ina safari yake. Siwezi kumpa bosi mkononi, ingawa hapa nilipo nakiona kipara chake. Naichapa, naisaini kwa kalamu, naituma kwa faksi. Ndiyo, faksi! Nyinyi mnalipia maandazi kwa simu, mimi kwenye nchi ya Mercedes nimesimama nangoja karatasi imezwe. Watu wa utumishi wanaipokea ghorofa ya juu, wanaigonga mhuri, wanaitoboa matundu mawili, wanaifungia kwenye faili, kisha wanampigia bosi simu kumwambia ipo. Bosi mwenyewe ana mabosi wawili, na kila mmoja anaamini kazi yetu iko kwa mwenzake. Ile iliyonikalisha saa 10 bado haijapata wa kuisaini.

Haki ya mtu nayo tuiseme. Nikishagusisha kadi jioni, hakuna anayenipigia simu nimchukulie keki ya mwanawe, kama yule mkubwa wangu wa huko. Sheria imenipa saa 11 za kupumzika kabla sijarudi kazini. Tatizo ni kwamba saa 11 ni nyingi mno kwa mtu asiye na baraza. Nimeanza kumsimulia birika umbea wa ofisini, naye anapiga mluzi tu, hata "ehe, ikawaje?" hasemi.

Sasa lile la harusi. Mmeniambia itakuwa Idi mosi, nami fomu ya likizo inataka tarehe mapema. Nikajaza Ijumaa au Jumamosi. Dada wa utumishi akaniita: ni ipi kati ya hizo? Nikamwambia inategemea mwezi. Akauliza mwezi unaamuliwa na idara gani. Nikamweleza habari za kuandama, taratibu kabisa, naye akaandika yote, kisha akasema kwa upole kwamba hana neno, ila anahitaji uthibitisho wa maandishi.

Basi, Shangazi, mwenye kufahamiana na mtu ofisini kwa Mufti anisaidie. Mwezi ukionekana, kutangaza redioni hakutoshi: waandike, wagonge mhuri, watume kwa faksi. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha.