Babu wa Stendi: Mlikwenda Dar Watano, Mmerudi Hamsemeshani

Nimening'inia mlangoni mwa basi la Dodoma na Dar miaka mingi, toka stendi ikiwa Ubungo mpaka ilipohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021. Nimewaona marafiki wakipanda Ijumaa, wanagombania dirisha huku wanacheka. Nimewaona haohao Jumapili, kila mmoja kiti chake, shingo zimegeukia nje kama wanahesabu nguzo za umeme. Ndiyo maana barua za safari za wikiendi naletewa mimi.

*Babu, shikamoo. Tuko marafiki watano, wa Dodoma. Tulipanga kwenda Dar kwa treni nikachaguliwa mweka hazina. Tukakubaliana kila mtu anitumie laki moja na nusu. Mmoja akatuma, lakini hakuweka ya kutolea. Wa pili akasema, "Nilipie, tukifika nakurudishia." Wa tatu hana neno, alilipa. Wa nne alilipa mapema, tukamsifu, kumbe ndiye aliyekuja kuagiza kuku mzima ufukweni, akala mapaja yote mawili, kisha akasema bili tugawane sawa kwa sawa. Leo ni wiki ya tatu, nadai, na wameanza kuniita mchoyo. — Mweka Hazina Asiye na Hazina*

Marahaba, mjukuu wangu. Kosa lako limeanzia Dodoma, kuku ni matokeo tu.

Konda anadai nauli gari halijatoka mjini. Ukimwachia abiria mpaka Kibaigwa, ameshasinzia. Ukimwamsha Gairo, anakwambia alishakupa, tena anakutajia na noti yenyewe ilivyokuwa imechanika pembeni. Huyo wa "tukifika nakurudishia" ulimlipia tiketi ya 31,000 kwa hiari yako, akasinzia tangu hapo. Mwamshe mbele ya mama yake.

Aliyetuma bila ya kutolea hajatuma laki na nusu. Ametuma laki na nusu ya kutazama kwenye simu. Makato ukalipa wewe, na kwa sababu ni pesa ndogo unaona aibu kuidai, naye aibu hiyo anaijua.

Sasa kuku. Kuku ana mapaja mawili, nyinyi watano. Hesabu hiyo haijapata kugawanyika sawa toka kuku aumbwe. Safari nyingine mkifika Coco Beach, kuleni mihogo. Muhogo wa kukaanga unatoa hela, unapewa wako kwenye karatasi, unanyunyiziwa chumvi na pilipili, unakwenda kukaa mchangani unapulizapuliza vidole. Hakuna bili, kwa hiyo hakuna hotuba ya kugawana sawa kwa sawa.

Na deni liandike. Zamani nikikosa chenji nilikuwa naandika nyuma ya tiketi ya abiria: "Anadai 500." Neno la mdomo linapotea njiani, lakini kilichoandikwa kwa kalamu hata mwandishi hawezi kukikana.

*Mzee mwenzangu, salaam. Mpwa wangu wa Dodoma alinipigia Alhamisi: "Mjomba, nakuja na mwenzangu." Ijumaa usiku ikasimama bajaji mlangoni kwangu Mbagala, wakashuka watano. Vijana wana adabu, siwezi kuwasema. Lakini mtungi wa gesi ulikata Jumamosi mchana, ndoo za maji walizimaliza kabla jua halijatoka vizuri, na Jumapili wakaniachia "asante sana mjomba". Mke wangu bado ananiuliza wale walikuwa nani. — Mwenyeji*

Pole, ndugu yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao methali wanaijua barabara, ndiyo maana wakaondoka baada ya siku mbili.

Ila niwatetee kidogo, ingawa treni mpya ya Dodoma na Dar imetuchukulia abiria na sina sababu ya kuipenda. Zamani mgeni wa kutoka Dodoma hakuweza kufika kwako mikono mitupu hata angetaka. Basi likisimama Gairo, viazi vinaingizwa dirishani. Dumila, nyanya. Mtu ananunua kwa sababu muuzaji amemsimamishia ndoo puani, na Mbezi anashuka na mzigo wa shangazi ambao hakuupanga. Sasa toka mwaka 2024 wanapanda Dodoma, wanashuka Dar saa nne hazijaisha, na vioo vya treni havifunguki. Viazi vya Gairo hawavioni hata kwa mbali, treni haipiti huko.

Mwambie mpwa wako: kichwa kimoja, kilo moja ya sukari. Vichwa vitano, kilo tano, na gesi juu yake. Mkeo mjibu kwamba wale ni mwenzake. Ndivyo ulivyoambiwa.

*Babu, shikamoo. Wenzangu wameniacha Dar! Nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nanunua viatu. Napiga simu naambiwa treni imeshaondoka. Hawa ni marafiki kweli? — Niliyebaki*

Marahaba. Mwanangu, basi lingekusubiri. Mimi mwenyewe nimegonga bodi mara ngapi, "Bado mmoja, anakuja!", na mmoja huyo namwona kwa mbali anabishania bei ya soksi. Treni haina wa kugonga bodi. Saa ikifika, imekwenda.

Kutoka Mtaa wa Kongo mpaka stesheni si mbali, tatizo ni kwamba kila hatua tatu kuna machinga anayekuita dada. Jina lenyewe Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Vita Kuu ya Kwanza. Hao walibebeshwa mizigo kwa lazima. Wewe ulijibebesha, jozi mbili, na moja najua haikutoshi.

Kuhusu marafiki: aliyepokea simu mlio wa kwanza muweke. Aliyekujibu kwa ujumbe wa sura inayocheka, huyo mlikuwa mnachangia behewa.

Nafasi imebaki kidogo. Kuna bwana wa Gairo ameandika kwamba konda wa basi moja, miaka ya nyuma, hakumrudishia chenji yake, na ameambatisha tiketi. Nimeigeuza. Imeandikwa "Anadai 500". Mwandiko ni wangu.

Bwana, nitakutumia. Ya kutolea tutaongea.