Namna ya Kufilisika kwa Muhogo wa Shilingi Hamsini

Anza Jumapili, baada ya alasiri. Siku za kazi wateja huwa wachache na utapata wasaa wa kuangalia simu yako, jambo litakaloharibu mpango mzima. Jumapili bustani ya Mama Ngina hujaa pomoni: familia zimetandika mikeka chini ya mibuyu, watoto wanalilia kachiri na mabuyu, vijana wameketi ukutani wakingoja meli ya makasha iingie mlango wa Kilindini wapige nayo picha. Tangu bustani itengenezwe upya na sherehe za Mashujaa zikafanyiwa hapo tarehe 20 Oktoba 2019, hata watu wa bara wameijua njia. Wewe jipange na jiko la makaa, beseni la mihogo, ndimu, na kopo la chumvi iliyochanganywa na pilipili. Mtaji wa kufilisika hauhitaji zaidi.

Babu zetu wa Mji wa Kale walipata taabu. Ili mtu afilisike ilibidi jahazi lake lizame na shehena, au mdeni wake atorokee Maskati. Toka M-Pesa ilipoingia, Machi 2007, kazi hiyo yafanyika kwa simu ya vibonye huku mkono wa pili umeshika kisu cha kupasulia muhogo.

Kwanza, namba ya kulipiwa. Watakwambia ukachukue till. Usikubali. Till ina kasoro nyingi: mteja halipi ada, fedha za muhogo hazichanganyiki na za karo, na namba yako ya simu haitangazwi kwa kila apitaye. Till za Lipa na M-Pesa ziko tangu 2013, na kwa wenye meza kama yako ikaja Pochi la Biashara, kwa hiyo utahitaji ukaidi kidogo kuziepuka zote mbili. Chukua ubavu wa katoni, andika kwa makaa namba yako ya simu na majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, mwizi asipate taabu ya kuuliza. Namba ya siri nayo iwe mwaka wako wa kuzaliwa. Tarakimu nne zapangika kwa njia 10,000, lakini anayekutazama usoni huku akingoja umkamulie ndimu ameshaipunguza hesabu hiyo ikabaki kumi hivi.

Sasa mngoje mteja mwenyewe. Atakuja kijana mwenye shati lililopigwa pasi, ananukia udi, ubavuni ana mchumba. Ataagiza sahani kumi na mbili za watu wake waliokaa kule mbali, jumla shilingi 600. Ataonja pilipili kwa ncha ya kidole na kuusifu mkono wako. Kisha atakunyooshea simu yenye kioo kilichopasuka.

“Mamangu, nishatuma. Hebu tazama.”

“Kwangu haijaingia, mwanangu.”

“Mtandao huo. Jumapili hivi, watu wengi. Ona, mia sita, na jina lako hili hapa.”

Jina ni lako kweli. Amelisoma kwenye katoni.

Hapa usiteleze ukasalimika. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja wathibitisha jambo moja tu, kwamba simu ya mteja ina ujumbe. Lakini kumwambia kijana mstaarabu “ngoja kwanza” mbele ya mchumba wake ni sawa na kumwita mwizi, nasi hatukulelewa hivyo. Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa atokako. Mpe sahani zake, umwongezee na ndimu. Wakubwa wametumia fedha nyingi kufunga milango ya hizi simu, na mwizi wetu wala haigusi milango hiyo. Apita kwenye aibu yetu, iko wazi saa zote.

Mara nyingine ujumbe utaingia kwako, tena wenye maneno yote ya kawaida, ila umetoka kwa namba ya mtu, badala ya kuandikwa MPESA pale juu. Usitazame juu. Wala usisome ile namba ya muamala inayoanza ujumbe, yenye herufi na tarakimu kumi, maana herufi zake zina umbea. Ya kwanza hutaja mwaka: miamala ya 2023 ilianza kwa R, ya 2024 kwa S, ya 2025 kwa T. Ya pili hutaja mwezi, Januari ikiwa A, Februari B, na kuendelea. Tapeli mvivu aliyenakili ujumbe wa Machi akautuma Agosti huwa ameandika kosa lake hapo hapo, na muuzaji msomaji angemnasa. Ilikuwa afadhali enzi ya reale, ile fedha yenye sura ya Maria Theresa iliyozunguka pwani yote hii. Yenyewe iliandikwa 1780 hata ikiwa imetengenezwa miaka mia baadaye, na hakuna aliyeona ajabu.

Ukishauza vizuri namna hiyo, simu italia. Mama mmoja, sauti imekatika kwa kilio: ametuma 1,500 za dawa ya mtoto, zimekosea zikaingia kwako, umrudishie kwa hisani. Hapa nasema kama fundi aliyehitimu, maana mimi nilimrudishia. Sikuangalia salio, nani aangalie salio mtoto wa mtu akiwa hospitali? Nilituma, nikamwombea na dua. Baadaye nilipolitazama salio, 1,500 zake hazikuwahi kuja, na zangu zilikuwa zimeshakwenda. Kuna watani walioboresha ufundi huu: hutuma pesa za kweli, hukulilia uwarudishie kwa mkono, na wakati huo huo huupeleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 kuomba ubatilishwe. Ungemwambia tu, “Dada, omba kwa 456, mimi sitazigusa,” yangeisha. Lakini hayo ni maneno ya mtu asiye na huruma.

Simu ya pili itakuwa ya mwanamume mwenye Kiswahili cha redioni, “mteja wetu mpendwa”, akisema laini yako itafungwa. Safaricom, wenye M-Pesa, wametangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 peke yake. Namba hii itakuwa nyingine kabisa; usijali, huenda ofisi imehama. Fuata kila anachosema, bonyeza kila anachotaka, mtajie na mwaka wako wa kuzaliwa. Usiwahi kupiga *100*100#, maana ukifanya hivyo laini yako haitabadilishiwa kadi mpaka uende dukani mwenyewe, na mwenzako atakwama njiani. Akifanikiwa atachukua salio, kisha atachukua Fuliza, ile mikopo ya kumalizia malipo iliyoanza Januari 2019. Jahazi likizama ulipoteza ulichokuwa nacho. Hapa unaibiwa hata usichokuwa nacho, na deni libaki kwa jina lako.

La mwisho, usijifunze chochote kwa jirani yako wa meza ya pili. Ni bibi wa makamo, buibui limefungwa kiunoni, na hana malezi hata kidogo. Till yake imechorwa kwa rangi kwenye ubao. Simu ameifunga kwa kamba kwenye mti wa mwavuli, sauti juu kabisa, na sahani haivuki meza mpaka simu ilie. Ikilia, huusoma ujumbe kwa sauti, majina na yote, mbele za watu. Vijana kadhaa wameumbuka hapo, wachumba zao wakisikia jina la kitambulisho kwa mara ya kwanza.

Juzi zamu ilikuwa yangu. Nilimlipa shilingi 50, nikamnyooshea simu aone.

“Mimi sisomi simu za watu,” akasema, akaendelea kupepea makaa.

“Bibi, mtandao tu. Wanijua mimi, napita hapa kila wiki.”

“Nakujua. Haijalia.”

Sahani ilikuwa upande wake wa meza, muhogo ukipoa, pilipili ikiloa ndimu. Meli ikapita, watu wakainuka kupiga picha. Nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni watu sita, kila mmoja ameinua simu yake, na ile ya kwenye kamba ilikuwa kimya.