Wote Walikuwa Wanasaidia

Tangu nianze kusimamia maabara ya kompyuta ya chuo chetu, sijakutana na mtu hata mmoja aliyekuja kuharibu. Mharibifu ningemmudu: mlinzi yupo, kufuli lipo, na kamati ya nidhamu ipo na inapenda vikao. Walionishinda ni wasaidizi. Kompyuta ya mtu binafsi ina mwenyewe, akiivuruga shauri yake. Kompyuta 40 za chuo ni kama yatima wa mtaa: hakuna anayemlipia ada, lakini kila apitaye ana neno la malezi.

Chukua kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mpole, hapiti mlangoni bila shikamoo. Aliona mashine namba 12 “haina ulinzi wa kutosha”, akaipakulia antivairasi ya pili juu ya ile niliyokuwa nimeiweka. Mashine yenyewe ina RAM ya GB 2. Basi ukifungua faili, antivairasi ya kwanza inalikagua, ya pili inamkagua mkaguzi, na yule wa kwanza, akiona anashukiwa, anaanza upya. Unaandika jina lako, unakwenda kunywa chai, unarudi unaikuta herufi ya tatu ndiyo inajitokeza. Kijana akanifuata amejaa furaha: “Fundi, ile namba 12 nimeshakusaidia.” Nikamshukuru. Utamwambiaje?

Ni kwa ajili ya watu wema namna hiyo tukaweka Deep Freeze, programu ya kugandisha kompyuta. Mtu afanye atakalo mchana kutwa. Mashine ikizimwa na kuwashwa, inarudi ilivyokuwa siku ile ilipogandishwa. Virusi vinafutika, antivairasi za msaada zinafutika, picha za harusi ya binamu zinafutika. Na tasnifu zinafutika. Nikabandika tangazo juu ya kila skrini: USIHIFADHI KAZI HAPA. Msaidizi mmoja, ambaye sijamjua hadi leo, akazunguka na kalamu kuongeza chini yake: “Hifadhi kwenye My Documents.” Ambako nako kumegandishwa. Msimu wa kukusanya kazi ukifika, nasikia tu mwendo wa viatu koridoni najua huyu ni mwanafunzi aliyezima kompyuta kwa nia njema ya kukiokolea chuo umeme.

Waliofundwa na ulimwengu wakahamia kwenye flashi, na huko wakakutana na kile kirusi cha shotikati, kinachoficha mafaili yako na kuweka mahali pake vialama vyenye majina yale yale. Ukibofya kimoja, umekiamsha kirusi chenyewe. Droo yangu imejaa flashi zilizosahauliwa. Kumjua mwenyewe lazima uifungue, na ukiifungua utakuta CV, CV MPYA, CV MPYA YA MWISHO, na jalada la nne liitwalo MADESA, ambalo ndilo zito kuliko yote.

Kuna asubuhi nilifika nikakuta seva imekufa na usajili wa kozi wa kitivo kizima umelala nayo. Usiku umeme ulikuwa umekatika, na UPS, kama ilivyoumbwa, ikawa inalia ili mtu ajue zimebaki dakika chache za kuizima seva kwa adabu. Mama anayesafisha ghorofa yetu alikuwa koridoni na ndoo yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kale kadude kako ka mle ndani nimekakuta kanalia, kanalia, hakana wa kukabembeleza. Nikakazima.”

Nikabandika karatasi juu ya kale kadude: USIZIME, NIPIGIE SIMU. Lazima niseme, katika jengo zima mama yule ndiye mtu pekee anayeheshimu matangazo yangu. Hunipigia saa kumi na moja alfajiri.

Lakini hayo yote ni rasharasha. Msaada wenyewe ulikuwa wa waya.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya usajili, foleni imefika hadi kwenye ngazi. Mtandao ukafa. Haukuzorota, ulikufa, maabara na ofisi zote za jengo. Nikazima na kuwasha vifaa vya mtandao: ukarudi kwa muda wa pumzi mbili, ukafa tena. Koridoni mhadhiri mmoja alikuwa ameshatoa hukumu kwamba ni mkonga wa baharini, kama ile Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na nchi nzima ikabaki inatazama duara linazunguka. Hoja nzito, ila kompyuta zetu zilikuwa haziioni hata printa iliyopo mezani kwangu, na printa ile haijawahi kuvuka bahari.

Nikafungua kabati la swichi. Siku za kawaida vitaa vyake humetameta kila kimoja kwa mwendo wake, kimoja haraka, kingine kikisinzia. Siku ile vyote vilikuwa vinawaka na kuzimika kwa pamoja, kasi moja, bila kupumzika. Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja huku nyuma yangu watu wakinipa ushauri wa bure. Nilipochomoa waya mfupi wa njano, vitaa vikatulia ghafla. Nikaufuata kwa kidole kutoka tundu la 7, ukapinda nyuma ya rundo la wenzake, ukajitokeza, ukaingia tundu la 19. La swichi ile ile.

Kwa asiyejua, kosa ni hili. Kompyuta ikitoa tangazo kwa wote, swichi hulipokea na kulitoa kwenye matundu yote mengine. Tangazo likatoka tundu la 7, likapita kwenye waya wa njano, likaingia tundu la 19, na swichi, isiyo na kumbukumbu ya mambo hayo, ikalipokea kama jipya na kulitangaza upya kila mahali, pamoja na tundu la 7. Likazunguka tena. Na matangazo ya namna hiyo hayana tarehe ya kufa. Ndani ya sekunde chache mtandao mzima unakuwa umejaa tangazo moja linalojirudia hadi hakuna nafasi ya kupitisha kitu kingine. Dawa ilipatikana zamani: mwaka 1985 Mmarekani Radia Perlman alibuni utaratibu ambao swichi huzungumza zenyewe, zikigundua duara zinafunga njia moja. Ila dawa hiyo haimo kwenye swichi za bei poa, na sisi kwenye bei poa tulikuwa wateja wa kudumu.

Nani aliuchomeka? Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kijana msafi, shati limechomekewa. Hakuficha. “Niliuona unaning’inia, fundi. Nikasema mtu atajikwaa.”

Mambo ya betri niyapitie haraka, maana yakinikaa rohoni yananipandisha presha. Karibu kila kompyuta ya mezani ina kijibetri cha volti 3, CR2032, bapa, upana wake milimita 20, cha kukumbusha saa na tarehe umeme usipokuwepo. Kikifa, mashine inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita, na tovuti zote zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama, kwa hesabu ya mashine hiyo, bado havijaanza kazi. Mwanafunzi haoni tarehe, anaona “haina mtandao”. Nikaandika dokezo sabili kuomba betri. Likapanda kwa mkuu wa idara, likapita masijala, likashuka manunuzi, likarudi na swali la wino mwekundu: “Kompyuta hizi si zinatumia umeme? Betri za nini?” Swali la haki kabisa. Nilipokuwa bado natunga majibu, mwanafunzi mmoja akachomoa betri nzima ya namba 8 akaiweka kwenye namba 7. Alinisaidia.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wanahistoria wana maelezo yao. Mimi nashuku tu kwamba kwenye kikao kilichoamua hivyo alikuwemo mtu aliyewahi kusimamia mashine ya watu wengi.

Kisha wakaja marafiki wa chuo kutoka Ujerumani na msaada wa kompyuta 20, nzuri, zimefungwa kwa upendo, na kibodi zake za Kijerumani. Kibodi hizo Z imekaa mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Windows nilizokuwa nimepiga zilikuwa za mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta herufi kwa kidole kimoja alibonyeza Z akapata Y, akabonyeza Y akapata Z. Kwa lugha nyingine hilo ni tatizo la tahajia. Kwa Kiswahili ni janga la ngeli.

Mhadhiri wa Kiswahili alinijia na bunda la kazi kwapani. Ni mama wa makamo, hakosei neno hata akiwa na hasira. “Fundi, hawa watoto wiki iliyopita walikuwa na elimu ya watu wazima. Leo wana elimu za watu wayima.” Akanifungulia nyingine: “kayi zangu”. Nyingine: “nzumba za myee”. Akasema kwa muda wote aliofundisha hajaona darasa likipoteza upatanisho wa kisarufi kwa pamoja. Mbaya zaidi, hakuweza tena kujua nani amekosea na nani amekosewa. Kwenye bunda zima, aliyepatia ngeli bila doa alikuwa kijana mmoja tu, ambaye tangu muhula uanze anaandika “elimu za”.

Na alama ya @ sikwambii. Kwenye kibodi zile imechorwa juu ya Q, lakini kwa mpangilio wa Kiingereza Q ni Q, uibonyeze hadi kesho. Wiki ile hakuna aliyetuma barua pepe. Waliouliza jirani, jirani naye hakujua.

Nikaamua kubadilisha mpangilio uwe wa Kijerumani, mashine moja baada ya nyingine: kuyeyusha, kubadilisha, kugandisha tena. Nilimaliza safu ya kwanza nikaenda kuswali. Wakati huo yule kijana wa waya wa njano alikuwa ametafakari tatizo kwa upande wake na kupata ufumbuzi ambao, kusema kweli, ni wa akili sana: akachukua kifuniko cha kalamu, akavibandua vifuniko vya Z na Y, akavibadilishana. Safu ya pili ikawa sawasawa. Ila hakuanzia safu ya pili. Alianzia ya kwanza, niliyokuwa nimeshaitengeneza, na safu hiyo ikarudi kwenye elimu za watu wayima, sasa kwa Kijerumani rasmi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na mashine zetu za zamani ukiziuliza habari ya TPM zinakaa kimya. Kuomba nyingine kungekuwa dokezo sabili lingine, kwa hiyo safu ya nyuma nikaiwekea Linux Mint na programu za ofisi za Kiswahili. Kiswahili kwenye kompyuta si jambo la jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwishatoa Jambo OpenOffice. Lakini mwanafunzi wa kwanza kukaa pale alinyanyuka baada ya dakika moja akaja kuninong’oneza, wengine wasije wakataharuki: “Fundi, ile ya nyuma ina kirusi. Inaongea Kiswahili.”

Siku hizi safu ile ndiyo yenye foleni. Kirusi cha shotikati hakina nguvu kwenye Linux. Vialama vyake havifanyi kitu, na mafaili yaliyofichwa yanaonekana yote yamekaa pale pale. Neno likaenea mabwenini. Watu wanaleta flashi kutoka vitivo vingine, hata mzee mmoja mwenye duka la fotokopi nje ya geti, na bumu likichelewa wako vijana wanaosafishia wenzao flashi kwa shilingi mia tano, kwenye mashine ya chuo, wakiniita “daktari mkuu” nikipita.

Juzi mkuu wa idara ya jirani, mtu wa roho nzuri sana, alinipigia simu. Amesikia safu ya nyuma inavyofanya vizuri. Vijana wake wamejitolea kuja Jumamosi, nikiwa nimepumzika nyumbani, kuziunganisha mashine zote ziwe kama ile. Nisihangaike na chochote, akasema, ufunguo wameshapewa na mlinzi, na waya wanakuja nazo.