Sifa za Daladala

Wengine hapa Mkula watalisifia basi la Mwanza, lenye mapazia na soda. Mimi nalisifia gari ambalo siti ya watu watatu inabeba watano na kuku asiyelipa nauli, huku konda akiapa kwamba nyuma kweupe. Tena nalisifia hasa jina lake. Gari linalala gereji. Jina hilo halijawahi kupata pancha.

Mnalidharau bure, lina jamaa Uingereza. Waingereza wa mitaani waliita shilingi tano "dola". Ulikuwa utani wenye hesabu: kabla ya 1949 pauni moja, yaani shilingi 20, ilileta dola nne na ushei kidogo. Sarafu yetu ya shilingi tano, yenye sura ya Mwalimu Nyerere, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, dola ikiwa imeshapita shilingi saba. Hilo halikutuzuia kuiita dala. Dola ya Marekani hatukuwa nayo, dala tulikuwa nayo mfukoni, na tukajiona matajiri.

Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam, maana UDA, kampuni ya mabasi ya umma, ilikuwa imezidiwa na abiria. Nauli ikawa shilingi tano. Konda akaning'inia mlangoni akiita, "Dala! Dala!" Hapakuwa na tume wala semina elekezi (posho ngapi ziliokolewa!), na nchi nzima ikapata neno.

Fadhila yake kubwa ni kwamba linadanganya mchana kweupe na hakuna anayekasirika. Linatangaza bei iliyokufa zamani, kama matatu ya Kenya inavyotangaza sarafu tatu za senti kumi hadi leo. Nioneshe mfanyabiashara mwingine anayeandika bei moja, akatoza nyingine, na wateja wakagombania mlango.

Waingereza walifuta shilingi Februari 1971, na dola yao ya shilingi tano ikabaki midomoni mwa wazee. Dala yetu iko barabara ya Lamadi–Bariadi, imebeba magunia juu na shemeji za watu ndani.

Nawe ndugu msomaji, ukilipanda leo, mpe konda shilingi tano, kama utaipata, umwambie ndiyo bei iliyo kwenye jina la gari. Ila kaa karibu na mlango.