Jina Moja, Kadi Mbili: Huu Si Uungwana

Mnh! Leo msinizuie, acheni niseme. Mmebishana hapa jioni nzima. Huyu anasema kadi ya GT 1030 inacheza gemu la mpira vizuri tu, yule anaapa kwamba ile aliyomfungia mdogo wake inakwama mpaka mchezaji anaganda golini. Na nyote mnasema kweli. Mnazungumzia kadi mbili tofauti zilizopewa jina moja, na hilo ndilo linalonifanya nisonye.

Nvidia walitoa GT 1030 mwezi Mei 2017. Kadi ndogo ya grafiki, viini 384 vya kukokotoa, memori gigabaiti 2 za aina ya GDDR5. Haina makuu: wati 30, na zote inazipata palepale kwenye sloti ya ubao mama, bila waya wa ziada kutoka pawa saplai. Ndiyo maana inatufaa sisi. Zile kompyuta nyembamba za ofisini zinazokuja hapa zikiwa zimeshatumika, nyingi hata waya wa kulishia kadi kubwa hazina. Kijana anayetaka kucheza gemu au kuhariri video fupi hana pa kuanzia isipokuwa kadi kama hii.

Mwaka 2018 ikaja nyingine. Jina lilelile, viini 384 vilevile, gigabaiti 2 zilezile. Kilichobadilika ni aina ya memori: wameweka DDR4, memori ya kawaida ya kompyuta, mahali pa GDDR5 iliyoundwa kwa kazi ya grafiki. Kasi ya chipu nayo ikapunguzwa kidogo. Utamsikia mtu anasema, aa, gigabaiti mbili ni gigabaiti mbili. Hapana, kaka! Hapo ndipo tunapopigwa.

Leteni kalamu. Njia inayounganisha chipu na memori, kwa kadi zote mbili, ina upana wa biti 64. GDDR5 inapitisha gigabiti 6 kwa sekunde kwenye kila biti ya njia hiyo. Sita mara 64, gawanya kwa 8 upate baiti: gigabaiti 48 kwa sekunde. DDR4 inapitisha gigabiti 2.1. Hesabu ileile inakupa 16.8. Arobaini na nane kwa kumi na sita na ushee! Sasa gemu likienda fremu 60 kwa sekunde, kadi ya kwanza ina nafasi ya kuhamisha megabaiti 800 kwa kila picha moja, na ya pili 280. Nyasi za uwanja, vivuli, jezi, nyuso za mashabiki, vyote vipite humo. Viini vipo na vina nguvu, lakini ni kama fundi cherehani hodari anayeletewa kitambaa shubiri kwa shubiri.

Wala msidhani ni hesabu ya karatasini tu. Gamers Nexus wa Marekani walizipima bega kwa bega mwaka huohuo wa 2018, na katika baadhi ya michezo ile ya DDR4 ilitoa takriban nusu ya fremu za mwenzake. Nusu, jamani, na boksi linasema GT 1030!

Mzee wetu hapo ananiambia yeye anataka skrini ya pili ya kuandikia hesabu za duka na kuangalia taarifa ya habari. Sawa, mzee, kwa kazi hiyo yoyote kati ya hizo mbili itakutosha, tena ya DDR4 inakula umeme kidogo zaidi. Sina ugomvi na DDR4 kuwepo. Wangeiita GT 1020, au jina lolote walitakalo, nisingefungua mdomo. Anayenunua kadi ya bei kubwa husoma vipimo wiki nzima kabla hajatoa pesa. Anayenunua ya bei ya chini kabisa amesikia jina moja kwa rafiki yake, amelibeba kichwani mpaka dukani, na hana akiba ya kununua mara ya pili. Huyo ndiye waliyemchanganya.

Dogo, wewe unayekwenda mjini kesho, angalia namba ndefu iliyo ubavuni mwa boksi. Kwa kadi za Gigabyte, kwa mfano, utaona N1030D5 au N1030D4. Ile D5 ndiyo unayoitaka. Kama kadi imeshatumika na boksi halipo, omba iwashwe mbele yako, ufungue programu ya GPU-Z, usome aina ya memori na kasi yake kwa sekunde. Muuzaji akikataa kuiwasha, aga uondoke.

Na msiniambie kampuni haikujua. Hata kabla ya hapo, mwaka 2016, GTX 1060 ya gigabaiti 6 ilikuwa na viini 1,280, ya gigabaiti 3 ikawa na 1,152. Mnunuzi alidhani anapunguziwa memori tu, kumbe na viini vimepungua. Kisha Septemba 2022 wakatangaza RTX 4080 mbili: ya gigabaiti 16 kwa dola 1,199 na ya gigabaiti 12 kwa dola 899. Ya kwanza viini 9,728, ya pili 7,680, na chipu yenyewe ni nyingine kabisa. Dunia ikapiga kelele. Oktoba, kabla kadi haijafika madukani, Nvidia wakaiondoa ile ya gigabaiti 12 na kukubali kwamba jina hilo linachanganya watu. Januari 2023 ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti, kwa dola 799. Mmeona? Jina likabadilika, na dola mia zikashuka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka huohuo wa 2022, kabla haujaisha, ikatoka RTX 3060 ya gigabaiti 8. Ile RTX 3060 tuliyoijua tangu Februari 2021 ina gigabaiti 12, njia ya biti 192, inapitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. Hii mpya njia yake ni biti 128, inapitisha 240. Theluthi nzima imekatwa. Kelele za wenye dola 899 zilisikika ndani ya wiki chache. Za mnunuzi wa 3060 hazikusikika, kadi ikaingia sokoni na jina lake hilohilo, kama GT 1030 ilivyoingia na la kwake.